Mwaka Jumapili Ilipopotea Kaisho

Ma Kokushubira, jirani yetu wa Kaisho, anasema Jumapili ilichukuliwa na panya. Anasema alimwona kwa macho yake mawili, panya buku mwenye mkia mweupe, akiingia nyumbani kwetu alfajiri. Akapanda ukutani, akakichomoa kijiti kwenye ubao wa Baba kwa meno, akakichomeka kwenye tundu la mbele. "Halafu akageuka akanitazama," husema. "Akacheka. Nyie mmewahi kuona panya anacheka? Basi huyo hakuwa panya." Hapo hufanya ishara ya msalaba, na wanawake wote waliofika kisimani hufanya naye, vibuyu vyao vikisubiri. Kila akisimulia, panya huongezeka kidogo. Mara ya mwisho nilipokwenda kumsalimia Mama, mwezi wa Rozari uliopita, nilikuta amefikia ukubwa wa mbwa.

Sijawahi kumbishia. Ni mtu mzima, alinibeba mgongoni, na tena ukimkatiza anarudi mwanzo kabisa. Lakini mimi ndiye niliyekuwa ndani ya nyumba ile asubuhi ile, na panya hakuwemo. Sasa nimeolewa huku Rugera, nina watoto wawili, na Baba hayupo tena duniani. Nimeona niandike mwenyewe kabla panya hajawa chui.

Ilikuwa mwaka wa thelathini na nane. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu.

Baba yangu, Apolinary, alitoka upande wa Bukoba. Mapadre ndio waliompeleka Kaisho kuwa katekista, akaja na Mama, na mimi nikiwa bado nanyonya. Kanisa lilikuwa la matete, limeezekwa kwa nyasi, na sakafu yake haikuwa udongo mtupu wala saruji kama ya siku hizi. Ilitandikwa majani, kama nyumba zetu. Kila Jumamosi sisi wasichana tulikwenda rweya, kule kwenye mbuga ya wazi ambako migomba inakoma na ng'ombe wanaanza, tukakata majani laini, tukayabeba kichwani mafungu mafungu. Ya wiki iliyopita tuliyatoa, tukatandika mapya. Mpaka leo nikipita mahali majani yamekatwa karibuni, kabla sijafikiri lolote, naona watu wamepiga magoti na nasikia sauti ya Baba ikianza Baba Yetu. Huku Rugera kanisa letu lina mabenchi. Ni zuri. Lakini halinuki kitu.

Padre alifika kwetu mara moja kwa miezi mitatu, wakati mwingine minne. Katikati hapo Baba ndiye aliyeongoza sala, aliyefundisha, aliyezika. Na siku alizijua kwa ubao. Padre alikuwa amewachongea makatekista wote waliokaa mbali: ubao wa urefu wa mkono, matundu saba, na juu ya tundu la Jumapili msalaba uliochomwa kwa chuma cha moto. Kila asubuhi, baada ya sala, Baba alikisogeza kijiti tundu moja. Siku ya Jumamosi jioni alipiga ngoma, na Jumapili asubuhi akaipiga tena. Kaisho yote ilihesabu kwa ngoma ile. Hapakuwa na duka bado, wala soko la kila wiki, na baraza la gombolola, la mtawala mdogo wa eneo, lilikuwa mbali, nani angekwenda huko kuuliza siku? Ikilia ngoma, unajua kesho hulimi. Basi.

Isipokuwa mtu mmoja. Rwegasira aliishi rweya na ng'ombe wake, mbali kiasi kwamba upepo ukivuma kutoka kwake kuja kwetu, ngoma haimfikii. Kwa hiyo alikuwa na kokoto saba na vibuyu viwili vidogo. Kila asubuhi akikamua, kokoto moja inatoka kibuyu hiki inaingia kile. Zikiisha zote, anavaa kanzu.

Alikuwa wa kwanza katika wafugaji wa kule kubatizwa. Ndugu zake walimcheka sana. Walimwuliza kama Mungu wa wakulima anapenda maziwa au anakula ndizi tu. Yeye na Baba walikuwa marafiki kuliko ndugu. Ngozi ya ngoma ile ilitoka kwa fahali wake. Na kila Jumapili alikuja na kibuyu cha maziwa yaliyofukizwa moshi, akaniita mlangoni, "Komujuni, mke wangu mdogo, njoo unipokee mzigo," nami nikakimbia, maana baada ya hapo alikuwa akitoa kwenye mfuko wa kanzu punje za kahawa za kutafuna na kunipa mbili, akimwambia Mama ni moja.

Boma lake sasa ni majani tu. Alihama mwaka uleule kabla ya Noeli, akavuka mto Kagera na ng'ombe wake wote, na hatukumwona tena. Ma Kokushubira anasema eti mtu fulani alimwona akisali Misa huko ng'ambo, ana kanzu mpya. Sijui. Labda naye aliambiwa na panya.

Sasa nitasema ilivyokuwa.

Mvua za masika zilipokatika Baba aliugua homa ya papasi. Anayeijua anajua: inakushika siku kadhaa, inakuachia, unadhani umepona, inarudi. Siku ya kwanza ya homa aliniita kitandani.

"Ubao ni kazi yako mpaka nisimame. Kila asubuhi, tundu moja. Usiruke."

"Ndiyo, Baba."

"Ukiruka, umewapotosha watu wote."

Nilijiona mkubwa sana. Kila asubuhi niliamka kabla ya Mama, nikanawa mikono, nikasogeza.

Asubuhi moja nilikuta kijiti kwenye Jumatano. Nilisimama nikakitazama. Nilikuwa nakumbuka, lakini kwa mbali, kwamba jana nilikiacha Jumanne. Halafu nikatazama chini. Jana yake nilikuwa nimetandika majani mapya ndani, bado yamesimama, na kutoka kitandani kwa Baba mpaka ukutani, na kurudi, yalikuwa yamelala chini. Njia nyembamba, ya mtu anayeburuta miguu. Baba mwenyewe alikuwa amelala, anakoroma, jasho limemjaa.

Nilimwuliza Mama kama Baba aliamka usiku.

"Huyu?" alisema Mama. "Hawezi hata kugeuka bila mimi."

Basi nikafikiri kuwa nimesahau mwenyewe jinsi nilivyokiacha. Niliambiwa kila asubuhi, tundu moja. Nikasogeza. Kijiti kikakaa Alhamisi.

Siku zikaenda. Homa ikamwachia Baba kidogo, na kijiti kilipofika Jumamosi aliinuka, akajifunga blanketi, akapiga ngoma akiwa ameketi kwenye kigoda. Kesho yake tukasali. Kanisa lilijaa, watu walifurahi kumwona. Wakati wa kutoka, Cassian, aliyekuwa msaidizi wa Baba na mtu wa kuona makosa, akaja na habari.

"Mwalimu, nimetoka rweya sasa hivi kumtafuta mbuzi wangu. Rwegasira yuko juu ya ua wa ng'ombe, anafunga miiba. Jumapili hii! Na wanawe wanamsaidia."

"Labda kuna chui," alisema Baba.

"Hakuna chui. Nimemwuliza. Amenijibu, 'Kazi hii niimalize leo ili kesho nije kusali.' Kesho! Amenicheka usoni."

Baba alikaza mdomo.

Asubuhi iliyofuata tulikuwa tunakwenda kulima maharage, wengi tu, njia inapita mbele ya kanisa. Na pale mlangoni amesimama Rwegasira, na mkewe Kemirembe pembeni. Kanzu nyeupe, miguu imepakwa siagi inang'aa, kitabu cha sala mkononi, kibuyu cha maziwa begani. Anatazama ndani ya kanisa tupu.

Mtu mmoja akaanza kucheka. Ndyamukama, mwenye shamba la migomba jirani na letu, mtu mnene wa utani, akapaza sauti: "Rwegasira! Umechelewa, bwana! Mungu ameshaondoka jana!"

"Jana ilikuwa Jumamosi," alisema Rwegasira.

Hapo tulicheka wote. Na mimi nilicheka, siwezi kuficha. Kelele zikamtoa Baba nyumbani, amejifunga blanketi, anatetemeka. Akasimama mbele ya rafiki yake.

"Jana umefanya kazi Siku ya Bwana, watu wamekuona. Leo unakuja na kanzu kutudhihaki?"

"Mwalimu, zuia hasira yako kidogo unisikilize. Leo ni Jumapili. Kokoto zimeisha zote saba. Juzi jioni nilisikia ngoma upepo ulipogeuka, nikamwambia Kemirembe, huko kwa Mwalimu kuna msiba. Tena nikasema nije kuwapa pole."

"Una kokoto," alisema Baba. "Mimi nina ubao wa Padre."

"Ubao hausogei wenyewe, Mwalimu. Ulikuwa mgonjwa."

Baba akageuka. Akanitafuta kwa macho katikati ya watu wenye majembe.

"Komujuni! Njoo hapa. Ulisogeza kijiti kila asubuhi?"

"Ndiyo, Baba."

"Uliruka hata siku moja?"

Yale majani yaliyolala yalinijia palepale. Niliyaona kama ninavyoiona karatasi hii. Nilimwona na Rwegasira, ananitazama kwa upole, kama anayesubiri nimpokee mzigo. Na watu wote walikuwa wananisikiliza mimi, mtoto wa Mwalimu.

"Sikuruka, Baba."

Ilikuwa kweli. Sikuruka. Aliniuliza kama niliruka, hakuniuliza kama kuna mtu mwingine aliyesogeza. Nimeyageuza maneno yale miaka mingi, na kila nikiyageuza yanabaki kweli, na kila mara najua yalivyokuwa.

Baba akamgeukia rafiki yake. Nadhani homa ilikuwa imeanza kupanda tena, kwa sababu Baba hakuwa mtu wa maneno ya namna ile.

"Ng'ombe wako ndio waliokufundisha kuhesabu? Basi rudi ukasali nao. Mpaka Padre aje, kanisani usiingie."

Watu walicheka, wengine kwa aibu. Cassian ndiye aliyecheka kwa moyo. Rwegasira alikitua kile kibuyu cha maziwa juu ya majani mlangoni, taratibu, yasimwagike, akaondoka na mkewe. Hakuna aliyeyanywa. Jioni Mama aliwamwagia ndama wa Ndyamukama.

Usiku huo nilimweleza Mama juu ya majani. Mama, jina lake Adventina, alikuwa mtu asiyependa fujo. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaendelea kumenya ndizi.

"Una uhakika?"

"Sina."

"Basi nyamaza. Baba yako amelala pale, homa imerudi. Unataka aamke asikie kuwa yeye ndiye aliyepoteza Jumapili? Atakufa kwa aibu kabla ya papasi kumuua. Padre atakuja, atasema mwenyewe."

Nikanyamaza.

Lakini Rwegasira hakuacha kuja. Hilo ndilo ambalo Ma Kokushubira halisemi kamwe. Kila wiki, siku tuliyoiita Jumatatu, tulipopita na majembe tulimkuta mlangoni mwa kanisa. Haingii. Alipiga magoti nje, kwenye kizingiti, Kemirembe nyuma yake, wakasali Rozari wao wawili, wakainuka wakaenda. Mara ya kwanza watu walinong'ona. Mara ya pili Ndyamukama alimbatiza jina, Mtakatifu wa Jumatatu. Mara ya tatu watoto walikuwa wanaimba jina hilo. Rweya nako ndugu zake walikuwa wamesikia, na tuliambiwa kuwa walimwuliza hivi: wakulima wenyewe wamekufukuza, unang'ang'ania nini?

Mimi nilipita pale na jembe langu kila mara. Nilikuwa natembea polepole nikifika hapo, nikijiambia leo nitasimama, nitamwambia. Aliniona. Hakuniita mke wangu mdogo. Aliniitikia shikamoo yangu, "Marahaba, mwanangu," na kurudi kwenye shanga zake.

Mara ya tano alikuja peke yake, bila Kemirembe. Mara ya sita hakuja.

Padre alifika wiki tatu baadaye. Alitembea tangu alfajiri kutoka kijiji alikolala, na wachukuzi wawili wenye sanduku la Misa, akiwa amepanga kufika kwetu Jumapili asubuhi kanisa likiwa limejaa. Alitukuta shambani. Namkumbuka anavyokuja kati ya migomba, kanzu imepandishwa mpaka magotini kwa sababu ya umande, ndevu zimejaa jasho, na akasimama ukingoni mwa shamba la maharage, akatutazama tulivyoinama watu kama arobaini.

"Tumsifu Yesu Kristo," alisema.

"Milele amina, Padre!" Tukakimbia kumpokea. Wanawake wakapiga vigelegele.

"Nyamazeni. Nyamazeni kwanza. Mnafanya nini?"

"Tunalima, Padre," alisema Cassian, anajifuta mikono. "Maharage mwaka huu yamekubali."

"Naona. Na leo ni siku gani?"

"Jumatatu, Padre."

Padre alimtazama Cassian. Akawatazama wachukuzi wake. Mmoja wao alikuwa ameziba mdomo. Kisha akatoa mfukoni kitabu kidogo cheusi, akakifungua, akaweka kidole.

"Leo ni Jumapili ya saba baada ya Pentekoste."

Cassian akahesabu kwa vidole, akaanza upya. Halafu, kutoka nyuma kabisa, Ndyamukama akauliza kwa sauti ndogo isiyokuwa yake: "Padre, na kama mtu alikula mbuzi siku ya Jumamosi... sasa ile ilikuwa Ijumaa?"

"Ulikula?"

"Jumamosi nne, Padre. Nilikuwa na mbuzi wa mahari."

Padre alianza kucheka. Alicheka mpaka akashika mti wa mgomba. Na watu walipoona Padre anacheka, wakacheka nao, wakashusha pumzi, majembe yakatupwa, kila mtu akakimbia kunawa. Padre alisema hakuna dhambi kwa mtu aliyepotea njia bila kujua, Mungu anajua kuhesabu hata kama sisi hatujui. Maneno hayo yalitufariji sana.

Ila kulikuwa na jambo ambalo kicheko hakikuliondoa. Siku zile hukupokea Komunyo kama umetia kitu kinywani tangu usiku wa manane. Na sisi, kwa kuwa ilikuwa Jumatatu, tulikuwa tumekula viporo vya ndizi kabla ya kwenda shambani. Kanisa zima. Miezi minne tulimngoja Padre, na alipogeuka na Ekaristi mkononi hakuna aliyesogea. Baba alikuwa amepiga magoti mbele kabisa. Homa ilikuwa imemwacha mifupa. Nilimwona anatazama mlangoni, kwenye kizingiti, na nikajua anachofikiri, kwa sababu nami nilikuwa nafikiri hilohilo. Kuna mtu mmoja Kaisho ambaye huenda alikuwa hajala.

Baada ya Misa nilimfuata Baba nyuma ya kanisa. Alikuwa amekaa juu ya majani ya zamani tuliyoyatoa.

"Baba, kijiti kilisogea mara mbili."

Nikamwambia yote. Njia ya majani, Jumatano, Alhamisi. Hakukumbuka chochote. Alitazama miguu yake kama vile ni ya mtu mwingine.

"Mimi," alisema. "Kwa mazoea. Mwili uliamka bila mimi." Kisha: "Na siku ile nilipokuuliza mbele ya watu?"

"Uliniuliza kama niliruka."

Nilingoja anichape. Hakunichapa. Alisema, "Umenijibu kama mwanasheria wa baraza, Komujuni," na hilo liliniuma kuliko fimbo. Kisha akaomba mkono nimwinue. "Twende."

Mama alituona tukipita, akatoka na ungo mikononi. "Apolinary, Padre anakula, wewe unakwenda wapi? Utaanguka njiani!"

"Nikianguka huyu atanibeba," alisema Baba.

Tulikwenda polepole sana. Migomba ikaisha, rweya ikafunguka. Jua lilikuwa linaelekea kushuka na ng'ombe walikuwa wanarudi, pembe nyingi, ndefu, nyeupe, vumbi limetanda kati ya miguu yao. Njiani Baba alipumzika mara nne. Mara ya tatu aliniambia ilivyokuwa siku Rwegasira alipobatizwa, yeye Baba, mtoto wa katekista wa Bukoba tangu zamani, akiwa msimamizi, na Rwegasira akitetemeka kuliko watoto waliobatizwa naye, na maji yalipomgusa kichwani akasema kwa sauti, mbele ya Padre, "Ni ya baridi!" Baba alicheka akikumbuka, halafu akaacha kucheka.

Kemirembe alitupokea nje ya ua. Alinishika mashavu. "Umekuwa mrefu," alisema, kama vile tulionana miaka mingi iliyopita. Alimtandikia Baba ngozi akae, akamletea kahawa ya kutafuna kwenye kikapu kidogo. Baba alichukua punje moja, akabaki ameishika.

"Yuko wapi?"

"Anakamua."

Kwao mtu akiwa chini ya ng'ombe humsemeshi mpaka amalize. Tulisogea mpaka langoni tukasimama. Rwegasira alikuwa amechuchumaa, chombo kati ya magoti, ndama amefungwa karibu, akilia. Hakuvaa kanzu. Alikuwa na shuka la kazi limefungwa begani. Alipomaliza aliinuka, akampa mwanawe chombo, akamfungua ndama. Ndipo akatutazama.

"Mwalimu. Umepona?"

"Napona."

"Leo siku gani kwenu?"

"Jumapili," alisema Baba. "Padre yuko kwetu. Leo ni Jumapili."

"Najua."

Baba alikuwa ameegemea nguzo ya lango. Nikaona kama hatasema, nami nikatangulia. Nilimwambia kuwa niliona majani yamelala, nilijua tangu siku ile, nikanyamaza. Rwegasira alinisikiliza akijifuta mikono kwa majani.

"Ulikuwa unamwogopa baba yako," alisema. "Mtoto humwogopa baba yake. Yeye alimwogopa nani?"

Ng'ombe mwingine alikuwa amesogea, anamsukuma begani kwa pua, anataka kukamuliwa.

Baba akaiachia nguzo. Alisimama bila kushika kitu, na mbele ya wana wa Rwegasira, mbele ya ndugu yake mmoja aliyekuwa amekaa pale kando ya ua akitutazama kwa tabasamu, akavua kofia.

"Nilikutukana mbele ya watu," alisema. "Kesho nitasema mbele ya watu haohao kwamba siku ilikuwa yako na kosa lilikuwa langu. Padre akiwepo. Hilo nitalifanya uje au usije. Lakini nakuomba uje. Wewe na Kemirembe na watoto. Usikae mlangoni, uje ndani, mahali pako. Utarudi, Rwegasira?"

Rwegasira alimtazama. Kisha akamwita mwanawe amlete ndama wa pili, akamfunga ng'ombe, mama wa ndama, miguu ya nyuma kwa kamba, akachuchumaa, akaegemeza kichwa chake kwenye ubavu wa ng'ombe, akaanza kukamua.

Tulisimama langoni tukingoja amalize. Baba hakuivaa kofia yake.